Monstera ndefu isiyotoa matundu: jibu kwa msomaji wa Shangani, Mtwara

Swali: Shikamoo. Naishi Shangani, Mtwara. Nina monstera, ule mmea wa mapambo wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu, niliyopewa ikiwa na majani 4, sasa ni mwaka wa pili. Imefika kama mita 1.5, mume wangu ameifunga kwenye fito ya mwanzi. Lakini majani mapya ni madogo, hayana matundu, na nafasi kati ya jani na jani imekuwa ndefu. Majani ya chini yanageuka njano, ya juu yana kingo za kahawia. Ipo kwenye ndoo ya lita 20, udongo wa bustanini uliochanganywa na samadi, kona ya sebule jirani na runinga. Kwa joto letu huwa naimwagilia kila siku, maji ya kisima. Mizizi iliyokuwa inaning'inia hewani niliikata maana ilichafua ukuta. Nimeshauriwa niipulizie salfa ya mikorosho na nifute majani kwa mafuta ya nazi. Nifanye nini? Na je, niikate?

Jibu: Marahaba, dada. Mmea uliorefuka mita 1.5 kwenye kona ya giza, huku miguu imelowa kila siku, ni mmea mwenye roho ngumu. Utapona. Ila umeutunza kama mchicha, na monstera si mmea wa bustani, ni mmea unaokwea miti. Karibu kila dalili uliyoitaja inatokana na hapo.

Kwao ni misitu ya mvua, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Huota chini msituni, hutambaa mpaka upate shina la mti, kisha huukwea kwa ile mizizi ya hewani uliyoikata. Mizizi hiyo hujishikiza kwenye magome yenye ukoga na majani yaliyooza, mahali penye unyevu na hewa kwa pamoja. Mwanga unaoufikia umechujwa na matawi, na maji yake ni ya mvua, hayana chumvi. Ndoo yako haina hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na mizizi, kwa sababu hiyo ndiyo haiwezi kusubiri. Majani ya chini yanapogeuka njano huku udongo ukiwa umelowa, jambo la kwanza la kushuku ni kuoza mizizi. Udongo wetu wa kichanga una kazi nzuri shambani, ambako mchwa, minyoo na mizizi mingine huufungua. Ndani ya ndoo hakuna wa kuufungua. Kila ukimwagilia unajishindilia zaidi, mwisho hewa haipiti. Halafu ndoo ya lita 20 ni kubwa mno kwa mmea huo. Mizizi michache haiwezi kunywa maji yote yanayobaki humo, kwa hiyo katikati pa ndoo hapakauki kamwe. Mizizi inakosa hewa, inakufa, vimelea vinaimalizia. Mmea usio na mizizi hunywea kama mmea wenye kiu, nawe ukiuona hivyo unaongeza maji. Hivyo ndivyo monstera nyingi zinavyokufa, na huku mwenyewe anaamini joto ndilo lililoziua.

Toa mmea kwenye ndoo wiki hii. Kwa kawaida muda mzuri wa kuhamisha ni Desemba hadi Machi, kukiwa na joto na unyevu, lakini kuoza hakungoji msimu. Laza ndoo, igonge pembeni, vuta kwa kushika shina karibu na udongo. Osha mizizi kwa maji ya mvua au ya bomba mpaka uione. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, migumu ukiibonyeza. Iliyooza ni myeusi au kahawia, laini, inanuka, na ganda lake huvuka ukilivuta na kubaki kiuzi. Kata yote iliyooza kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, ukifika penye uzima katisha hapo. Uache mmea kivulini saa 1 hadi 2 ili vidonda vikauke.

Vaa glavu, au nawa mikono vizuri baadaye. Monstera ni ndugu wa magimbi, na utomvu wake una fuwele zilezile zinazowasha koo ukila gimbi ambalo halijaiva sawasawa. Mtoto au mbuzi akitafuna jani, mdomo utavimba na kuwasha.

Sasa cha kupandia. Hapa mtu wa Mtwara au Lindi ana bahati kuliko wengi, kwa kuwa makumbi ya nazi yamejaa kila mahali. Tafuta ndoo ya lita 10, itoboe matundu 8 hadi 10 chini, kila moja la upana wa kidole kidogo. Changanya lita 4 za makumbi yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, lita 2 za vumbi la makumbi, lita 2 za chenga za mkaa zenye ukubwa wa maharage, lita 1 ya mboji au samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu, na lita 1 ya udongo wa bustani. Ukikamata konzi moja iliyolowa ukaikamua, kisha ukaiachia, iachane yenyewe. Ikibaki tonge, ongeza makumbi.

Makumbi yana jambo lake. Yale yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa ajili ya kupata usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, yamekunywa chumvi ya bahari, na kuyaosha mpaka yasafike ni kazi. Chukua ya nazi zilizofuliwa nyumbani au sokoni. Hata hayo yaloweke saa 24 kwenye maji yasiyo na chumvi, mwaga, rudia mara 3. Maji ya kwanza yatatoka mekundu kama chai ya rangi, ya mwisho yawe karibu meupe. Chenga za mkaa nazo zisuuze kuondoa jivu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi na vipande vya kombe. Na maganda ya korosho, ambayo kwenu ni ya bure, yaache kabisa: mafuta yake yanayounguza ngozi ya mikono ya wabanguaji hayana sababu ya kuwa karibu na mizizi.

Utasikia watu wakisema weka kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke vizuri. Haisaidii. Maji yanaposhuka kwenye udongo laini na kukutana na kokoto, husimama juu ya mpaka huo mpaka udongo wa juu ujae kabisa ndipo yadondoke. Kwa hiyo kokoto hazikaushi kitu, zinapandisha tope karibu na mizizi. Kama unaogopa ndoo nyepesi itaanguka, na itaanguka kweli ikiwa na nguzo ndefu, itumbukize ndani ya ndoo yako ya zamani ya lita 20 na ujaze mawe pembeni kati ya hizo mbili. Itoboe na hiyo ya nje pia, maana maji yakituama ndani yake hutayaona.

Kabla ya kurudisha mmea, tengeneza nguzo. Mwanzi umeufikisha mmea juu lakini haujaupa kitu cha kushika. Ni mtelezi na mkavu, mzizi wa hewani ukiugusa haupati pa kujishikiza. Na hilo ndilo linalohusu majani yako madogo. Monstera inayoning'inia au inayoegemea tu hubaki na majani ya kitoto. Ikishajishikiza kwenye kitu chenye unyevu, kila jani jipya huwa kubwa kuliko lililotangulia, na ukubwa ndio unaoleta mipasuko kwanza, kisha matundu.

Chukua bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 1.8. Chini lifunge vipande viwili vya mti kwa umbo la msalaba, vyenye upana wa kuenea ndani ya ndoo, ili lisiyumbe. Acha sehemu ya chini itakayofukiwa ndani ya ndoo, kisha zungushia usumba uliooshwa, unene wa sentimita 3, kuanzia hapo kwenda juu. Ufunge kwa mshipi wa kuvulia, mzunguko mmoja kila baada ya sentimita 4 au 5. Njia nzuri zaidi ni kuvalisha juu yake kipande cha wavu wa kuvulia uliochakaa; usumba haubomoki na mizizi inapata vijishimo vya kupitia. Loweka wavu huo siku 2 ukibadilisha maji, kwani umetoka baharini. Wavu wa kuku wa chuma watu wengi hupendekeza, lakini kwa upepo wa chumvi wa Shangani utashika kutu mapema na kukukatisha tamaa.

Simamisha nguzo kwanza, kisha mmea. Monstera ina mbele na mgongo: vikonyo vya majani hutokea upande mmoja, mizizi ya hewani hutokea upande wa pili. Mgongo ndio ulalie nguzo. Ukiugeuza, mmea utatumia miezi kujipinda. Funga shina, si vikonyo, kwa kipande cha kanga kuukuu kilichopita kama namba 8, kilegevu kiasi cha kuingiza kidole. Vikonyo viachwe huru vijielekeze penye mwanga. Mizizi mipya ya hewani ikitoka chini karibu na udongo, iingize kwenye ndoo. Ya juu ibonyeze kwenye usumba. Usiikate tena.

Nguzo kavu haina tofauti na mwanzi. Itie maji kila siku 2 au 3, kama robo lita, ukianzia juu taratibu. Mvivu wa kufanya hivyo atundike chupa ya nusu lita iliyogeuzwa juu ya nguzo, kifuniko kikiwa kimetobolewa kwa sindano na kitako kimetobolewa pia ili hewa iingie. Itadondosha polepole.

Maji ya ndoo sasa. Acha ratiba ya kila siku. Chomeka kidole mpaka sentimita 5. Kama pamelowa, ondoka. Kama pamekauka, mwagilia kama lita 2 kwa ndoo ya lita 10 mpaka yatiririke chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kwa mchanganyiko niliokupa na mahali nitakapokuambia, itakuwa kama kila siku 4 hadi 6 wakati wa joto kali, na kila siku 7 hadi 9 miezi ya kusi. Lakini kidole ndicho kinachoamua. Kwa wiki 2 za mwanzo baada ya kukata mizizi, mwagilia nusu ya kiasi hicho.

Kingo za kahawia kwenye majani ya juu nashuku ni chumvi ya kisima. Angalia mdomo wa ndoo na uso wa udongo: ukiona ukoko mweupe, ndiyo hiyo. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi nyuma, mwezi baada ya mwezi, hadi udongo unakuwa na chumvi kuliko kisima chenyewe. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi, kunaizidisha, maana unapunguza maji peke yake. Kuyalaza usiku kucha hupunguza klorini ya bomba tu. Dawa ni mvua. Mvua zenu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Kinga kwenye bati baada ya dakika 15 za kwanza, kwa sababu mwanzo wa mvua huosha vumbi, chumvi ya upepo na kinyesi cha ndege. Mmea mmoja na nguzo yake, kuanzia Mei hadi Oktoba, unahitaji kama lita 70. Madumu 4 ya lita 20, yaliyofunikwa mbu wasizalie, yanatosha. Na msimu wa mvua, mara moja kwa mwezi, itoe ndoo nje kwenye mvua siku ya mawingu, ikae nusu siku. Chumvi iliyojificha itatoka yenyewe, bila gharama.

Ukame wa hewa usikuhangaishe. Ushauri wa kupulizia majani ukungu wa maji kila asubuhi umeandikwa na watu wanaoishi kwenye nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi. Hewa ya pwani yenu ina unyevu wa kutosha. Ukiongeza maji juu ya majani usiku yanapokuwa hayana upepo unakaribisha madoa ya kuvu. Kiyoyozi ndicho tatizo, mmea ukae angalau mita 2 mbali na pua yake. Na matone unayoweza kuyakuta ncha za majani alfajiri si ugonjwa, ni mmea unatoa maji yaliyozidi.

Kuhusu mahali, kona ya runinga haifai. Nafasi ndefu kati ya pingili ni mmea unaokimbilia mwanga, kama mahindi yaliyoota chini ya mwembe. Jicho la mtu hudanganya, huzoea giza. Pima hivi: saa 6 mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, shika mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye vidole vinavyohesabika kwa ukali ni jua kupita kiasi. Kivuli cha kingo zilizofifia ndicho tunachotaka. Kivuli kisichoonekana ni njaa.

Hapa kuna kosa linalonakiliwa sana. Maandishi ya Ulaya na Marekani husema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwenu ni kinyume kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtwara na Lindi ziko kama digrii 10 kusini mwa ikweta; kuanzia mwisho wa Februari hadi baada ya katikati ya Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Juni huinama kiasi kwamba hupenya zaidi ya mita 1 ndani ya dirisha la kaskazini lisilo na upenu mrefu. Miezi inayobaki jua liko upande wa kusini, ila karibu na utosi, kwa hiyo haliingii ndani sana. Dirisha bora kwa monstera ni la mashariki, mita 1 kutoka kwenye kioo: jua la asubuhi ni laini. La kaskazini linafaa ukiweka pazia jepesi katikati ya mwaka. La magharibi lina jua la alasiri linalobabua jani na kuacha mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Weka pazia au usogee mita 2. Sogeza mmea kwa hatua, kwa wiki 2, usiutoe gizani ukautupa juani siku moja. Na uoshe nyavu za mbu za dirisha. Zikijaa vumbi hula mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Mafuta ya nazi, hapana. Yanang'arisha siku 2, kisha yanashika vumbi na kuziba vitundu vya kupumulia vya jani. Futa majani kila wiki kwa kitambaa na maji ya mvua, juu na chini, hasa wakati wa kusi, kwa kuwa ukiwa Shangani upepo huo unakuletea chumvi mpaka sebuleni.

Salfa, hapana vilevile, walau kwa sasa. Hujataja mdudu wala ukungu, unatibu nini? Salfa ya mikorosho ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikipulizwa joto likiwa zaidi ya digrii 30 huunguza majani laini, ikikutana na mafuta ndani ya wiki 2 huunguza zaidi, na ndani ya nyumba yenye watoto si kitu cha kuvuta puani. Ukiona utando mwembamba chini ya jani na vidoa kama vya ncha ya sindano, ni utitiri. Ukiona pamba nyeupe kwenye makwapa ya vikonyo, na sisimizi wakipanda na kushuka, ni vidung'ata. Wote wawili: mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na bleach na mililita 5 za mafuta ya mwarobaini kwa lita 1, tikisa, jaribu kwenye jani moja kwanza, kisha puliza jioni pande zote mbili za majani. Asubuhi osha. Rudia kila baada ya siku 6, mara 3, kwa sababu mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike.

Mbolea usiweke kwa wiki 6 baada ya kuhamisha. Baada ya hapo, mbolea ya kuyeyuka yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa, gramu 1 kwa lita 1 ya maji, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Urea haifai ndani ya ndoo.

Ulichouliza mwisho: uikate? Ndiyo, lakini si leo. Majani yaliyopo hayatabadilika; matundu huumbwa jani likiwa bado limekunjwa, sehemu fulani za jani hufa kwa mpangilio kabla halijafunguka, na likishafunguka limefunguka. Kwa hiyo usiyahukumu marekebisho haya kwa majani ya zamani. Subiri majani 2 mapya. Kwenye mwanga mzuri na joto lenu, kila moja huchukua kama wiki 4 hadi 6, na la kwanza linaweza kutoka dogo bado, kwa sababu liliumbwa wakati wa shida. Likija la pili likiwa na nguvu, chagua sehemu ya shina yenye majani 2 au 3 na angalau mzizi 1 wa hewani, kata sentimita 3 chini ya kifundo (pale kikonyo cha jani kinapotokea kwenye shina), acha kidonda kikauke saa chache, weka kwenye makumbi yaliyolowa kidogo mahali penye mwanga usio wa jua kali. Wiki 3 hadi 5 itatoa mizizi. Shina lililobaki chini litachipua kwenye jicho la kifundo kilicho juu kabisa, na ukikipanda kipande cha juu kwenye ndoo ileile, nguzo moja itakuwa na mashina mawili yanayokwea pamoja. Kifundo ni lazima. Jani lenye kikonyo peke yake laweza kutoa mizizi kwenye chupa ya maji na kukaa miezi bila kutoa shina hata moja.